Mtungi Uliotoka Pwani

Mtungi ndio ulioingia kwanza. Haruyo alifungua mlango akitegemea kuona nyuso za watu waliolala siku nne kwenye sakafu ya ukumbi wa shule. Alichokiona ni mtungi uliofungwa kwa leso ya zambarau, umekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga. Nyuma yake ndipo alipochungulia Mitsue, mjane wa shemeji yake, mashavu yamemkauka, pua nyekundu kwa baridi.

"Dada Haruyo, tumekuja kukuletea taabu," Mitsue alisema, akainama mpaka mtungi ukakaribia kugusa kizingiti.

"Taabu gani. Piteni, baridi hii," alijibu Haruyo, na macho yake hayakuuacha ule mtungi.

Ilikuwa siku ya tano baada ya tetemeko. Jioni iliyotangulia mvua ilinyesha, ikageuka theluji, na uani bado kulikuwa kweupe. Bahari ilikuwa imekuja ikala mitaa mizima ya pwani ya Fukushima, na kinu cha nyuklia cha huko kikakosa umeme, majengo yake yakalipuka moja baada ya jingine, nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Nyumba ya Mitsue ilikuwa kilimani, maji hayakuifikia. Lakini ilikuwa karibu mno na kinu, na asubuhi ya pili gari la halmashauri likapita na kipaza sauti: tokeni sasa hivi, mtarudi baada ya siku mbili tatu. Watu wakachukua vitabu vya benki, dawa, picha za marehemu wao. Mitsue, akiwa na mama mkwe wa miaka themanini na minne wa kumshika mkono, alichukua mtungi wa achari.

"Mtungi wa Mama," alisema Eikichi, mume wa Haruyo, naye ni mwanamume wa miaka sitini na mbili ambaye hakulia hata paa la ghala lilipoanguka. Sasa machozi yalimtiririka. "Mitsue, umeuokoa mtungi wa Mama."

Haruyo alikuwa amesimama na ndoo mbili za maji alizozipangia foleni kwa muda wa saa nne, maana mabomba yalikauka tangu tetemeko. Hakuna aliyezitazama zile ndoo. Akaziweka chini, akaenda kuwasha jiko la mafuta, na roho inamuuma tayari.

Sasa tusimwonee Haruyo. Mwenye kidonda ndiye ajuaye kinapouma, na chake kilikuwa cha zamani. Achari za kule hazitiwi siki wala ndimu. Ni pumba za mpunga zilizokandwa kwa chumvi na maji, zikaachwa zichachuke. Mboga unaizika humo jioni, asubuhi unaitoa imeiva. Pumba hizo zina uhai, zinataka mkono wa mtu kila siku, kuzigeuza kutoka chini kuja juu, na zikiukosa mkono siku chache za joto huoza. Kwa hiyo mtungi hurithishwa, mama kwa binti, mama mkwe kwa mke wa mwanawe. Na mwenye haki ya kwanza ni mke wa mtoto wa kwanza. Huyo alikuwa Haruyo.

Alipoolewa, miaka thelathini na mitatu nyuma, alikuja na mtungi wake mwenyewe, wa mama yake mzazi, mwanamke wa milimani aliyekuwa akitia maganda makavu ya machungwa ndani ya pumba, jambo ambalo hapa mjini hakuna aliyelijua. Mwaka huohuo mama yake akafa. Kiangazi kilichofuata mimba ya kwanza ya Haruyo ikaharibika, akalazwa wiki tatu, na aliporudi alikuta mtungi wake umeoshwa, umefudikizwa juani. Mama mkwe, Bi Yoshino, hakusema kitu. Hakusema umeharibika, hakusema pole. Haruyo naye hakuuliza, maana aliona aibu, na aibu ikikaa sana ndani ya mtu huchacha kuliko pumba. Tangu siku hiyo hakuwahi kutia mkono kwenye mtungi wa mama mkwe, wala kuuomba.

Halafu, miaka sita iliyopita, mdogo wake Eikichi akaugua kule pwani. Bi Yoshino akafunga mtungi wake kwa leso, akaenda kumuuguza mwanawe. Mwana akafa, mama hakurudi. Akabaki na Mitsue. Majirani walimwuliza Haruyo sokoni, kwa utani ule wenye pilipili ndani, "Vipi, mama mkwe kakukimbia?" Naye akacheka nao, meno nje.

Basi ndio huo mtungi sasa, juu ya meza ya jikoni kwake, na aliyeuleta akisifiwa.

Mji ulikuwa umepandwa na wazimu siku zile. Wao walikuwa kilomita sitini kutoka kwenye kinu na hakuna aliyewaambia watoke, kwa hiyo kila mtu alijitungia amri zake. Madirisha yalibandikwa utepe. Nguo zilianikwa sebuleni, juu ya vichwa vya watu wakila. Mwani uliisha madukani kwa sababu mtu alisema unazuia mionzi. Mtu mwingine akasema dawa ya kusukutulia koo ni bora zaidi, na Bi Anzai, jirani wa ukuta mmoja, akanywa kikombe kizima, akatapika mpaka alasiri. Msemaji wa serikali alirudia kila saa kwamba hakuna madhara ya papo kwa hapo. "Papo kwa hapo," Eikichi alisema. "Mimi nataka kujua ya kesho." Binti yao alipiga simu kutoka Osaka kutwa mara tatu, ondokeni huko, ondokeni huko, utadhani gari linatembea kwa maji.

Na katikati ya hofu hiyo yote, Mitsue akawa shujaa wa mtaa. Bi Anzai alikuja kumwona akiwa na sahani ya maandazi ya mchele, akasimama jikoni kwa Haruyo, mbele ya Haruyo, akasema, "Watu wanaokoa benki, huyu kaokoa mkono wa mama mkwe wake. Wake wa namna hii siku hizi unawapata wapi?"

"Nilitumwa tu, mama," alisema Mitsue.

"Na unyenyekevu juu," Bi Anzai akamalizia.

Haruyo alikuwa akimenya figili. Alijikata kidole, akanyonya damu kimya. Alikuwa akiamka saa kumi na moja kupanga foleni ya maji, saa nane anapanga ya mafuta, akipikia watu wanne kwa kilichokuwapo, akimwosha Bi Yoshino miguu kwa maji ya kuhesabu vikombe. Wote waliona. Hakuna aliyesema wake wa namna hii unawapata wapi.

Siku ya tatu Mitsue alitoa matango na figili mtunguni, akazipanga kwenye sahani. Eikichi alikula bakuli tatu za wali. "Hii ndiyo ladha ya nyumbani," alisema, kinywa kimejaa. "Nyumba hii ilikosa ladha hii miaka sita."

Nani alikuwa akipika humo hiyo miaka sita? Haruyo alichukua kipande kimoja cha tango ili asionekane hali. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililomwumiza. Na nyuma ya chumvi kulikuwa na harufu fulani aliyoijua, akaitafuta, akaipata: maganda ya machungwa. Damu ikampanda kichwani. Kumbe mama mkwe aliuacha mtungi wa mama yake uoze, akaiba siri yake, akaifundisha kwa Mitsue. Hata maganda, alijisemea. Hata maganda hawakuniachia.

Kesho yake alikuwa akikunja ile leso ya zambarau aiweke kabatini, karatasi ikadondoka. Ilikuwa karatasi ndogo yenye muhuri, ile waliyokuwa wakipewa watu wa pwani kwenye vituo vya kupimia mionzi, maana bila hiyo sehemu nyingine hawakupokelewa. Jina la Mitsue, jina la Bi Yoshino, na chini yake, kwa kalamu: mtungi mmoja wa chakula, umepimwa, hauna kitu. Haruyo aliisoma mara mbili. Kisha akaitia mfuko wa aproni yake. Alijiambia atampa Mitsue baadaye. Hakumpa mchana, hakumpa jioni, na kulipokucha alikwisha kujua kwamba hatampa.

Hapo ndipo ulipokuja ubao wa zamu. Kila mtaa kule una ubao wake, wa kubandikia karatasi za matangazo, unaopita nyumba hadi nyumba: unasoma, unapiga muhuri wa jina lako kwenye kisanduku chako, unaupeleka kwa jirani. Ukishatoka mkononi mwako haurudi mpaka uzunguke nyumba zote kumi na mbili. Safari hii Mzee Hangai, mwenyekiti wa kikundi cha mtaa, alikuwa ameandika kwa mkono wake mzuri wa ualimu: nyumba zenye wageni kutoka pwani zitaje kama kuna kitu kilicholetwa bila kupimwa, kwa amani ya wote.

Nyumba moja iliandika, mgeni mmoja, kapimwa. Nyingine ikaandika, mbwa, kapimwa. Haruyo alikaa mezani, mtungi ukiwa mbele yake, kalamu mkononi. Angeweza kuacha kisanduku kitupu. Angeweza kuandika lililo kweli, karatasi iko mfukoni mwake. Aliandika: Mtungi mmoja wa chakula. Haijulikani kama umepimwa. Akapiga muhuri vizuri, katikati, akavaa viatu na kuupeleka ubao kwa Bi Anzai kabla moyo haujamgeuka.

Hakutukana mtu, hakusema uongo wa mdomo. Alijaza kisanduku tu. Na njiani akirudi alijisikia mwepesi, jambo ambalo hata baadaye hakulisahau.

Asubuhi ya pili Bi Anzai aliirudisha sahani ambayo Mitsue alimpelekea ikiwa na achari. Kule sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu utaweka viazi viwili, utaweka kiberiti. Sahani hii ilirudi tupu, imeoshwa, imefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, ikaachwa mlangoni bila hodi. Mitsue aliifungua mifuko mmoja mmoja. Akaitazama sahani muda mrefu, kisha akaiweka mahali pake.

"Nimewakosea nini, dada?" aliuliza.

"Watu wana hofu," alisema Haruyo. "Usiwajali."

Jioni hiyo wakaja wenyewe, Mzee Hangai mbele, Bi Anzai nyuma yake, barakoa usoni wote wawili. Walisimama mlangoni bila kuvua viatu, na asiyevua viatu hakuja kwa heri.

"Bi Haruyo, msituelewe vibaya," Mzee Hangai alisema, akitazama ukuta. "Sisi hatumfukuzi mtu. Ila mtaa una watoto wadogo, na ubao unasema mtungi huu haujulikani."

"Ubao?" Eikichi akamgeukia mkewe. "Nani kaandika?"

"Nimeandika ninachokijua," alisema Haruyo. "Mimi sikuuona ukipimwa."

"Umepimwa, mzee," Mitsue alisema, wala hakuonekana kukasirika. "Siku ileile tuliyopimwa sisi. Nilipewa karatasi, nikaikunja ndani ya leso. Ngojeni." Akaenda kabatini akaja na leso, akaikung'uta, akaigeuza, akaikung'uta tena. Akapiga magoti kutazama chini ya kabati. Mkono wa Haruyo ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na kidole chake kilikuwa juu ya muhuri wa ile karatasi.

"Labda ilianguka njiani," Haruyo alisema.

Maneno matatu tu. Bi Anzai akavuta pumzi nyuma ya barakoa yake. "Na mimi niliyekwisha kula? Jana usiku sikulala, nahisi koo linawasha."

"Koo lako linawashwa na ile dawa ya kusukutulia uliyokunywa," alisema Eikichi. "Kesho nitaupeleka mtungi kwenye ukumbi wa kupimia mionzi, upimwe tena, mambo yaishe."

"Foleni ya ukumbini inafika barabarani, baba," alisema Bi Anzai. "Siku mbili tatu nzima. Sisi wakati huo tupumue nini?"

Na ndipo mlango wa kuteleza wa chumba cha ndani ulipofunguliwa, Bi Yoshino akatokea akishika ukuta, mdogo, amejifunga blanketi. Alimtazama Mzee Hangai, akamtazama Bi Anzai, kisha akamtazama Haruyo, na hapo akakaa sana. Haruyo alitazama chini.

"Umwageni," bibi kizee alisema.

"Mama," alisema Eikichi.

"Haruyo ana majirani wa kuishi nao. Sisi wapita njia. Umwageni, watu wakalale."

Eikichi alichimba shimo nyuma ya ghala, akisukuma kando theluji ile iliyokuwa imegeuka tope. Alichimba kwa hasira, udongo unaruka. Mitsue alizitoa pumba kwa mikono yake, tonge baada ya tonge, na kilipobaki kisichotoka kwa vidole akakikwangua kwa mwiko. Eikichi akafukia. Mitsue akauosha mtungi kwa maji ya ndoo moja nzima, bila kuomba ruhusa, na Haruyo hakusema kitu kuhusu maji. Kisha akaufudikiza juu ya jiwe. Haruyo alipouona umekaa vile, kinywa chini, moyo ulimruka. Miaka thelathini na mbili, na jiwe ni lilelile. Sasa tuko sawasawa, alijisemea, na akangoja furaha ije. Ilichelewa.

Siku mbili baadaye dada yake Mitsue alipiga simu kutoka Niigata, ng'ambo ya milima: nina chumba, njooni. Eikichi alipata mafuta kwa rafiki, akasema atawapeleka mwenyewe. Asubuhi, wakati Eikichi na Mitsue wanapanga mablanketi garini, Bi Yoshino alikaa kwenye ngazi ya mlangoni akahangaika na viatu.

"Haruyo, njoo unifunge."

Haruyo alipiga magoti, akashika mguu ule mwembamba.

"Umenikasirikia miaka mingi," Bi Yoshino alisema juu ya kichwa chake.

"Hapana, Mama."

"Usinipe hapana, sina umri wa kuisikiliza. Nataka nikwambie neno nisije nikafa nalo. Kile kiangazi ulicholazwa, mtungi wako niliusahau mimi. Nilikuwa nakuja hospitali kila siku, nakaa nje ya chumba chako, sijui niseme nini, narudi. Siku tano sikuugusa. Ukaoza. Nikachimba mpaka chini kabisa, nikapata konzi moja iliyo nzima, ya mama yako. Nikaitia ndani ya mtungi wangu."

Mikono ya Haruyo ilisimama juu ya kamba ya kiatu.

"Ikaumeza wangu wote," alisema bibi kizee. "Mwaka haukuisha, mtungi mzima ladha yake ni ya mama yako. Nikawa naongeza maganda ya machungwa, maana nilijua ni mali ya nani. Mimi nilikuwa mlinzi tu. Na Mitsue naye mlinzi, nilimwambia tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia, Mama? Miaka yote hii."

"Kwanza niliona haya. Halafu nikangoja uuombe. Mke ndiye huomba mtungi, ndivyo nilivyofunzwa. Nikasema, akiuomba nitamweleza yote. Hukuuomba. Una kiburi, na mimi nina kiburi, tungekuwa mama na mtoto wa kuzaa tusingefanana zaidi. Siku ile ya kipaza sauti nikamwambia Mitsue, acha kila kitu, beba mali ya Haruyo. Safari hii nitampa hata asipouomba. Nikasema nipumzike kwanza. Kesho, keshokutwa."

Haruyo alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mbali. "Basi kwa nini ulisema umwagwe?"

Bi Yoshino alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ulikuwa umesimama pale? Nilikutazama. Nilingoja useme usimwagwe. Hukusema. Nikajua, kumbe hata ukipewa huutaki."

Mitsue akaja, akamshika mama mkwe mkono, akainama kwa Haruyo, akasema asante kwa yote, dada, na alikuwa akimaanisha. Karatasi ilikuwa mfukoni. Haruyo alifungua kinywa. Gari likawaka, likatoka, naye bado amekifungua.

Hakuchukua jembe. Alichimba kwa mikono nyuma ya ghala, magoti kwenye tope, na manyunyu yameanza, mvua ileile ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiikimbia. Alizikuta pumba. Zilikuwa zimechanganyika na udongo, nyeusi kwa nyeupe, lakini katikati palikuwa na bonge lililoshikamana, na alipolipasua likatoa ile harufu, na mama yake akawa pale jikoni milimani, mikono imezama mpaka kiwiko. Haruyo alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata hospitalini. Akalitia bonge ndani ya bakuli.

Akili yake ilikuwa moja tu: lipimwe. Ana karatasi ya kwanza, atapata ya pili, atampigia Mitsue simu wakiwa hawajafika milimani, atasema rudini, mtungi ungali hai. Na kosa lake? Hilo angelisema pia. Pengine.

Ukumbini foleni ilikuwa fupi siku hiyo, watu thelathini hivi, nusu yao wa mtaa wake. Mzee Hangai alikuwapo, ameleta viatu vya wajukuu ndani ya mfuko. Bi Anzai alikuwapo na kabichi. Walimwona Haruyo akiingia na tope mpaka mapajani, bakuli kifuani, wakampisha kwa jinsi watu wanavyompisha mgonjwa.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, suti nyeupe ya karatasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Haruyo aliweka bakuli mezani na ile karatasi kando yake. "Imeshapimwa mara moja, dada. Haina kitu. Nataka uhakika tu."

Mwanamke alisogeza kipimo juu ya bakuli. Kilikuwa kikilia taratibu, tik, tik, kwa uvivu. Kilipofika juu ya pumba kikashikwa na haraka, kikalia bila kupumzika, na sindano ikapanda.

"Si niliwaambia," Bi Anzai alinong'ona. "Ya pwani hiyo."

Mpimaji aliisoma karatasi, akatazama tarehe, akalitazama bakuli. Akakwangua udongo kidogo pembeni mwa bonge kwa kijiko, akaupima peke yake. Sindano ikapanda juu zaidi. Akapima mikono ya Haruyo, magoti yake, viatu vyake. Kila mahali penye tope kipimo kililia.

"Mama, mtungi ulioandikwa hapa ulikuwa safi," alisema. "Muhuri huu ni wetu, naujua. Hizi pumba zimechafuliwa baadaye, na udongo. Udongo huu umeutoa wapi? Upande gani wa pwani?"

"Haukutoka pwani," alisema Haruyo. "Umetoka uani kwangu."

"Uani kwako wapi?"

Akataja mtaa. Akataja namba ya nyumba. Mwanamke alikuwa akiandika, kalamu ikasimama, akageuka kumwita mwenzake. Nyuma ya Haruyo watu wa nyumba kumi na mbili walikuwa wakitazama viatu vyao wenyewe.

Mzee Hangai alisogea. "Bi Haruyo. Karatasi hiyo. Mitsue aliitafuta mbele yetu. Umeipata wapi?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Haruyo hakutazamia pole ya mtu. "Nilikuwa nayo mimi," alisema. "Siku ile mlipokuja ilikuwa mfukoni mwangu."

Mpimaji alileta mfuko mnene wa njano, akasema samahani mama, hiki hakirudi nyumbani. Haruyo aliomba akitie mwenyewe. Aliliinua bonge kwa mikono miwili, akalinusa mara ya mwisho mbele ya watu wote, akaliweka ndani ya mfuko, na yule mwanamke akaufunga na kuandika juu yake anwani ya nyumba ya Haruyo.